Kiuno cha Leokadia

Mwanangu Generoza,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Nimekusikia tangu asubuhi ukiimba huku unakunja nguo, na mama yako akikukemea kwamba shuka hukunjwa mara nne, si tatu. Sasa mmekwenda wote wawili Kibimba kumuaga shangazi yako, na mimi nimefunga mlango wa duka langu la kushonea mchana kweupe, jambo ambalo sijalifanya hata siku za misiba. Watu wawili wamekwisha kugonga. Nimenyamaza humu ndani kama mwizi.

Mambo ya safari mama yako amekwisha kukueleza, nisikurudishie. Maji ya kunywa, fedha ya nauli ifungwe wapi, usikae nyuma kabisa ya gari, hayo yote unayo. Hata lile pori la kuelekea Biharamulo, ambalo tangu vita viishe watu wanasema lina wenye bunduki, nimekwisha kuliogopa vya kutosha mbele yako na wewe umenicheka. Ninachokiogopa kuliko pori sijakitaja. Nimekaa nacho siku tisa. Nakiandika kwa sababu nikikisema uso kwa uso nitakipunguza, najijua.

Kuna mtu huko unakokwenda ambaye nilimkosea vibaya. Ni huyo huyo mwenyekiti wa kikundi cha akina mama, ambaye utalala nyumbani kwake na kuwafundisha wenzake kushona. Wewe uliambiwa tu "mwenyekiti". Jina lake ni Leokadia. Unamkumbuka, mke wa Simeoni, yule mrefu aliyekuwa akikupitisha mtoni mabegani mvua zikizidi. Ulipotoka shule ukamuulizia, tulikuambia amerudi kwao. Alifukuzwa, Generoza, na aliyefanya afukuzwe ni mimi baba yako, bila kusogea hata hatua mbili kutoka kwenye cherehani yangu.

Barua yao ilipofika, katibu wa kijiji alinisomea kwa furaha. Wamepata vyerehani viwili, wanataka mwalimu. Walimu wa kushona wapo Biharamulo, wapo hata karibu zaidi na kwao. Lakini barua inasema: tunamwomba binti wa fundi wa Bukiriro. Chini kuna jina lake, kwa mwandiko wa mtu aliyejifunza kuandika ukubwani. Katibu akanipongeza kwamba sifa zangu zimevuka wilaya. Nikacheka naye. Mpaka leo sijui mwanamke yule anakutakia nini.

Sasa nikueleze tangu mwanzo, na unistahimili.

Mimi nilifundishwa kazi Ngara mjini na mzee mmoja mwenye cherehani ya miguu na ulimi usiochoka. Yeye alikuwa akimpima mteja anataja kila namba kwa sauti, na mwenzake anaandika. Mabega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Alisema mteja akisikia namba yake ikitajwa mbele ya watu hawezi kurudi kesho kudai umempunja kitambaa. Ilikuwa sababu nzuri. Lakini mimi nilichokipenda ni ile sauti. Mtu anasimama mbele yako mikono kaiinua, barazani pamejaa watu, na wewe unaimba namba kama mnadani, kisha unatia kineno cha utani, watu wanacheka. Tulipohamishiwa hapa kijijini na cherehani yangu ikawekwa kwenye baraza la duka la ushirika, nilijiona nina jukwaa. Foleni ya sukari ilikuwa pale pale. Foleni ya sabuni pale pale. Watu walinisikiliza wapende wasipende.

Wewe umerithi sauti hiyo. Wiki ya Pasaka ulipompima mke wa mwalimu ukataja kiuno chake, kisha ukasema, "Mwalimu anakula au anakuangalia tu ukila?" watu wote walicheka, naye alicheka. Mimi damu ilinisimama. Uliniuliza mbona nimekasirika, nikasema umeniharibia chaki. Ulikuwa uongo.

Mwaka wa vita, Simeoni alikuwa miongoni mwa vijana wa hapa waliochukuliwa na mgambo kwenda mbele. Unajua hali ilivyokuwa. Kila mtu alikuwa akisikiliza redio ya mtu mwingine, na kila gari lililopita kwa kasi tuliliangalia mpaka lipotee. Leokadia alibaki kwa mama mkwe wake. Mtoto walikuwa hawajapata. Walipoanza kusema kwamba vijana wanarudi, yeye alipanga foleni dukani tangu alfajiri akapata kitambaa cha maua ya njano. Nguo ilikuwa adimu kuliko chumvi, na chumvi nayo haikuwepo. Alikuja nacho kwangu amekikumbatia. Alitaka gauni la kukatwa kiunoni, lenye mkanda, kama lile nililomshonea kabla Simeoni hajaondoka, maana Simeoni alilisifu.

Mama mkwe wake alikuwa ameketi kwenye benchi, anasubiri sabuni. Simeoni alikuwa na miezi kumi tangu aondoke. Mambo haya mawili nilikuwa nayajua yote.

Nikampima. Mama yako ndiye aliyekuwa anaandika kwenye daftari. Mabega, yaleyale. Kifua kimepungua, mikono imekonda, jambo ambalo lingemfanya fundi mwenye akili asimame afikiri. Nikazungusha futi kamba kiunoni. Daftari lilikuwa na kipimo chake cha zamani, ishirini na saba. Futi ikanipa thelathini na tatu. Nikaimba: "Kiuno, thelathini na tatu."

Mama yako alinyanyua macho. Akamwangalia Leokadia, akaliangalia benchi, akainama akaandika. Mimi nilikuwa naona juu ya bega lake. Alikuwa ameandika ishirini na nane. Generoza, mama yako alinifungulia mlango wa kutokea, pale pale, kimya kimya, na mimi nikaupiga teke. Nilisema mbele ya foleni nzima, "Nimesema thelathini na tatu, wewe unaandika nini?" Kisha nikatia utani wangu. Nikasema kwa Kihangaza kwamba inda imekua.

Wewe unajua neno hilo. Tumbo ni inda, na mimba ni inda. Ningesema kwa Kiswahili ningelazimika kuchagua neno moja. Kwa lugha yetu nilisema yote mawili kwa mara moja, na kila aliyekuwa kwenye foleni akachukua alilolitaka. Miaka hii yote, aliyeniuliza nimemwambia nilikuwa na maana ya tumbo la kushiba, maana mtu hutaniwa kwa kunenepa, si dhambi. Hata padri nilimwambia hivyo. Wewe sitakuambia hivyo. Nilijua foleni itasikia nini, na nilitaka waisikie, kwa sababu nilitaka wacheke.

Walicheka kidogo, kisha wakaacha. Mama mkwe hakucheka. Aliinuka, akachukua kile kitambaa cha maua juu ya meza yangu, akakikunja, akaondoka bila sabuni. Leokadia alibaki amesimama mikono ikiwa bado imeinuliwa kidogo, kama vile nilikuwa sijamaliza kumpima.

Jioni ile vitu vyake viliwekwa nje. Balozi wa nyumba kumi aliitwa, akasikiliza upande mmoja, akasema mambo ya ndoa yana wenyewe. Mama yako alikwenda kumchukua, lakini Leokadia alikataa kulala kwetu, akalala kwa jirani, mama Anisia. Na mimi nilikuwa na hofu kidogo, sikatai, lakini nilijiambia futi yangu haidanganyi. Kama mtu ana mimba, ana mimba. Mimi sikuiweka.

Kesho yake asubuhi alikuja dukani kabla foleni haijakaa vizuri. Macho yalikuwa yamevimba ila sauti ilikuwa imetulia. Hakunitukana. Aliniamkia, shikamoo, kama siku zote, nami nikaitikia. Kisha akasema, "Baba Generoza, nipime tena, useme jana ulikosea. Sikuombi kitu kingine."

Ningeweza. Futi kamba ilikuwa shingoni kwangu. Ningeizungusha, ningesema ishirini na tisa, ningejipiga kwenye paji la uso niseme macho yamezeeka, watu wangenicheka mimi, na mama mkwe angeambiwa kabla ya saa sita. Lingenigharimu kuchekwa asubuhi moja. Nikamjibu kwamba mimi ni fundi miaka kumi na saba na sijawahi kukosea kiuno cha mtu. Maneno hayo nayasikia mpaka leo kwa sauti yangu ileile ya mnadani. Yeye alitikisa kichwa mara moja, akaaga vizuri, akashika barabara ya Biharamulo kwa miguu.

Nataka nikuambie nililala vibaya. Nililala vizuri, na hilo ndilo linalonitisha ninapojiangalia. Nilianza kulala vibaya baada ya miezi minne, alipokuja mganga msaidizi mmoja anayetembelea vijiji, ambaye kwao ni kulekule upande wa Biharamulo. Alikuja kushonewa suruali. Katika kupiga gumzo akasema kuna mke wa askari mmoja wa hapa kwenu, aliletwa hospitali ya misheni amebebwa kwenye kitanda cha miti, tumboni ana uvimbe mkubwa kama boga, ilibidi wautoe pamoja na kizazi chote, amepona ila hatazaa tena. Akasema mwanamke mwenyewe alikuwa akijihisi mgonjwa tangu zamani, alitaka kwenda hospitali mume akirudi. Akaniuliza kama namfahamu. Mama yako aliweka daftari chini akatoka nje.

Kumbe mikono ilikuwa imekonda kwa ugonjwa. Kumbe kifua kilipungua kwa ugonjwa. Vyote nilivipima, vyote nilivitaja kwa sauti, na nikasikia kimoja tu.

Simeoni alirudi akiwa anachechemea. Mama yake alimpa habari kwa namna yake, na alipokuja kujua ukweli alikuwa amekwisha kuozwa mwanamke mwingine. Siku moja alikuja barazani na suruali yake ya jeshi, imempwaya, anataka ipunguzwe kiunoni. Nilianza kumpima kimyakimya. Akasema, "Taja. Wengine ulikuwa unawatajia." Palikuwa na watu kama wanane. Futi ilisoma ishirini na sita, mtu aliyeondoka hapa ana kiuno kama gogo. Nilifungua mdomo sauti haikutoka. Alinisubiri. Nilijua akitaka kunipiga hakuna atakayemzuia, na sehemu yangu moja ilikuwa inatamani anipige. Hakunipiga. Alichukua suruali yake akaenda nayo vilevile ikiwa imempwaya, akaivaa hivyo mpaka ikachakaa, na kila nilipomwona akipita ameshika kiuno cha suruali kwa mkono, niliingia ndani.

Tangu siku ile sijataja namba ya mtu. Umekua ukiniona naandika mwenyewe kwa chaki kwenye ubao mdogo kisha nafuta, ukadhani ni uzee. Na kwa kuwa sikukueleza sababu, wewe uliichukua ile njia ya zamani kutoka kwa mafundi wengine mjini, ukaipenda kama nilivyoipenda mimi. Kosa la pili ni hilo, na ni langu pia.

Juzi uliniuliza kwa nini mke mnene wa yule mnunuzi wa kahawa nilimpandishia kiuno cha gauni mpaka chini ya matiti, na dada yake nikamwachia palepale. Nikakujibu utajua ukikua. Lilikuwa jibu la kijinga kumpa mtu wa miaka ishirini. Nilishindwa kukujibu kwa sababu nikianza habari za viuno nafika kwa Leokadia. Ngoja nikujibu sasa, maana huko ndiko utakakofundishia.

Kiuno cha gauni na kiuno cha mtu ni vitu viwili. Cha mtu utakipata kwa uzi. Mfungie uzi usimbane, mwambie ainame kushoto na kulia, uzi utatafuta wenyewe mahali pa kukaa. Ukishakijua, nyamaza nacho. Cha gauni unakiweka unapotaka wewe, na kazi yake ni kuwaelekeza watu pa kuangalia.

Mwanamke mwenye nyonga pana na kiuno chembamba, mkatie palepale uzi ulipokaa, usijitie ujuzi. Wengine wanamrundikia marinda juu ya nyonga. Nyonga zenyewe ni marinda tosha. Aliyenyooka wima tangu kwapani mpaka mapajani, kama wewe ulivyokuwa miaka mitatu iliyopita ukalia kwamba umeumbwa kama mlango, mpandishie vidole viwili juu ya uzi, mvutie marinda chini yake, mfungie mkanda mwembamba. Watu wataona kiuno ambacho hakipo na wataapa kwamba kipo. Mwenye kiwiliwili kifupi, matiti yanakaribia kugusa nyonga, mshushie kidogo, na umnyime mkanda mpana hata akiuomba kwa machozi, maana mkanda utammeza wote. Mwenye miguu mifupi usimshushie kamwe, utamkata miguu. Huyo naye mpandishie juu.

Na mwenye tumbo. Hapa nisikilize vizuri. Mpandishie mshono mpaka chini ya matiti na uache kitambaa kianguke chenyewe, bila mkanda. Lakini marinda usiyaweke mbele. Ukiyaweka mbele, kila atakayekutana naye njiani atamuuliza anajifungua lini, na pengine amejifungua miaka sita iliyopita, au hatajifungua kamwe. Mbele iache bapa, marinda yapeleke ubavuni. Mkatie kwa kitambaa kizito kidogo, si kile kinachonata mwilini.

Unaona sasa ninachokuambia. Yule mwanamke alinijia na tumbo lililokuwa na ugonjwa asioujua jina, na kitambaa cha maua ya njano, yadi tatu na nusu, zinazotosha kabisa. Ningesema tu, "Mama, mwaka huu wanapandisha kiuno, acha nikupandishie." Ningeandika namba yangu kimya. Angekwenda nyumbani na gauni lisilosema kitu, angemngoja mumewe, mumewe angempeleka hospitali mapema, na pengine wangewahi. Nimelikata gauni hilo kichwani mwangu mara nyingi sana. Nalijua kila mshono wake. Fundi hupewa siri ya mtu kabla ya mumewe na kabla ya daktari, na mimi niliposhikishwa siri hiyo niliitangaza.

Basi, naogopa. Niyataje yote moja kwa moja. Naogopa kwamba anakuita ili akufanyie mbele ya watu nilichomfanyia. Utakuwa mgeni, peke yako, chini ya paa lake, na kijiji chake chote kinampenda. Neno lake moja juu yako litatosha, kama langu lilivyotosha. Naogopa vilevile kwamba hakutakii baya lolote, kwamba siku moja mkiwa mnakata kitambaa atakusimulia kwa upole, na wewe utasikia kwake kwanza, halafu utakumbuka kila mara uliyonisifu mbele za watu. Kati ya hofu hizo mbili, ya pili ndiyo inayonitoa jasho zaidi, na naona aibu kukiri, kwa sababu ya kwanza inakuhusu wewe na ya pili inanihusu mimi.

Kwa siku tisa nimejaribu njia za kuizuia safari yako bila kusema sababu. Nilimwambia mama yako unaumwa kifua. Nilimwambia katibu kwamba nitabaki bila msaidizi. Juzi nilitaka kuharibu cherehani yako makusudi ili tuseme huwezi kwenda bila chombo. Nilishika bisibisi, nikaona nilivyo, nikairudisha. Mama yako aliniona. Hajawahi kunisemesha kuhusu jambo hili tangu siku ile aliyotoka nje na kuacha daftari. Jana alisema neno moja. Alisema, "Mtoto aandikiwe namba ya kweli." Ndiyo maana nimefunga duka.

Jambo la kuamua ni lako, na una usiku mmoja. Nitakupa barua hii mkirudi, kabla ya chakula, ili usiisome ukiwa na usingizi. Ukiamua kutokwenda, hakuna atakayekulaumu. Nitamwambia katibu kwamba mimi ndiye niliyekataa, na nitamwandikia Leokadia kwa mkono wangu kwa nini. Ukiamua kwenda, nenda ukijua, na uingie nyumbani kwake kama mtu aliyeingia kwa mwenye haki. Akikaa kimya, usimlazimishe kusema. Akisema, usinitetee. Najua ulimi wako. Utataka kusema baba ni mtu mzuri, alikuwa anatania. Usiseme kwamba nilikuwa natania.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nimelifanya leo asubuhi bila kukushauri. Nilikwenda ofisi ya kijiji kuchukua karatasi yako ya ruhusa ya kusafiri. Katibu akauliza kama msafiri ni mmoja. Kalamu yake ilikuwa tayari imeandika moja. Nikamwambia afute, aandike wawili.

Sijui nitamwambia nini mwanamke yule. Nimejaribu kupanga maneno na kila yanayotoka yana utani ndani yake, au yana maelezo. Huenda nikafika nikasimama tu. Lakini sitakubali wewe ndiwe wa kwanza kutoka nyumba hii kusimama mlangoni kwake. Kama ana neno aliloliweka miaka yote hii, alitoe kwangu, mbele ya watu wake wote, kwa sauti anayoitaka, na mimi nitalisikiliza mpaka mwisho nikiwa nimesimama. Baada ya hapo yeye ndiye atakayeamua kama anakupokea, na mimi nitapanda gari la kurudi.

Kama hutaki niende nawe, kesho niambie tu, "Baba, baki," na nitabaki, sitakuuliza sababu. Ukinyamaza, nitachukua mzigo wako mzito na nitakufuata kituoni.

Nimewasikia mnapanda kilima. Unaimba bado.

Ni mimi, baba yako, ninayekuogopea na kukuogopa.